UZI: Kusoma madaftari ya maghala ya wauza mvinyo wa Uingereza, karne ya 17 hadi ya 19. Karibuni tufichue maneno yaliyofichika

Mnakili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimeona mara kadhaa watu wakiweka humu jukwaani picha ya ukurasa wa leja ya kale, wanauliza neno moja tu, kisha mada inazama bila jibu. Kazi yangu ni kunakili nyaraka za biashara, na kwa muda mrefu nimekuwa kwenye madaftari ya wauza mvinyo wa London na Bristol. Naweka hapa ninachokijua, na wenye kujua zaidi waongeze.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwenye madaftari haya kamusi haikufikishi mbali. Mwandishi alikuwa karani wa ghala la chini ya ardhi, anaandika kwa mwanga wa mshumaa, na anayemwandikia ni bwana wake na yeye mwenyewe. Anakata maneno, anaandika jina la mahali alivyolisikia masikioni, anaficha bei kwa herufi. Lakini kuna jambo hakuweza kulificha: mvinyo ulilipiwa ushuru kwa galoni, ukauzwa kwa dazeni, na hesabu ilibidi ikae sawa mwisho wa mwaka. Kwa hiyo ukikutana na neno gumu, anza na tarakimu zilizo kando yake. Mara nyingi zitakuambia neno lile ni nini kabla hujalisoma vizuri.

Nianze na majina, maana ndiyo yanayopoteza watu wengi.

Daftari la ghala la Mfalme Charles II, la 1660 na 1661, lina mvinyo ulioandikwa "Hobriono". Miaka michache baadaye, Aprili 1663, Samuel Pepys akaandika kwenye shajara yake kwamba amekunywa mvinyo wa Kifaransa uitwao "Ho Bryan". Yote mawili ni Haut-Brion, shamba la Pessac jirani na Bordeaux. Ukilitafuta neno lile kwa herufi zake hulipati. Lisome kwa sauti, polepole, kama Mwingereza asiyejua Kifaransa, nalo litajitaja lenyewe.

Kundi la pili ni majina yanayofanana na maneno ya kawaida ya Kiingereza, na haya ni mtego zaidi:

"Tent" si hema. Ni mvinyo mwekundu mzito wa Hispania, kutoka "tinto", na ulitumika sana kwenye ushirika mtakatifu wa makanisa ya Kianglikana. Ukiona parokia imenunua "Tent", ndio huo.

"Mountain" ni mvinyo mtamu wa Malaga, wa mizabibu ya vilimani nyuma ya mji. "Hock" ni mvinyo wa bonde la Rhine, jina limekatwa kutoka mji wa Hochheim. "Vidonia" ni mweupe wa Visiwa vya Kanari. "Calcavella" ni Carcavelos, karibu na Lisbon.

"Bronti" ni Marsala ya Sicily. Hili lina faida ya ziada kwa sababu linakupa tarehe. Mfanyabiashara John Woodhouse alianza biashara ya Marsala mwaka 1773, lakini Nelson, amiri wa jeshi la majini la Uingereza, alipewa utawala wa Bronte, hukohuko Sicily, mwaka 1799, naye akawaagizia mabaharia wake mvinyo ule. Ukurasa usio na mwaka wenye neno "Bronti" usiuweke kabla ya hapo.

Nitaendelea na vipimo. Ulizeni.

Bint Pangani

Asante sana kaka Mnakili, uzi huu nilikuwa nauhitaji. Nina kurasa kadhaa za Bristol ambazo mwalimu wetu alitugawia. Kila mstari unaanza na "pp", "hhd" au "qr ck", halafu namba. Na kuna mahali pameandikwa "pipe" kamili. Mwenzangu darasani ametafsiri "bomba mbili za Port". Ni sahihi?

Mnakili

Dada Bint Pangani, mwambie mwenzako si bomba. Ni pipa, na hata neno letu "pipa" tumelipata kwa Wareno, ambao ndio waliokuwa wakiuza mvinyo huo. "Pp" ni pipe moja au zaidi, "hhd" ni hogshead, ambayo kwa kawaida ni nusu ya pipe, na "qr ck" ni robo pipa. Sherry, mvinyo wa Hispania, utaikuta kwa "butt", pipa lake kubwa.

Sasa shika hili kwa mikono miwili: pipe haikuwa kipimo kimoja. Kila mvinyo ulikuwa na pipe yake. Kwa galoni za kifalme za karne ya 19, pipe ya Port ni 115, ya Madeira 92, butt ya Sherry 108, hogshead ya claret, mvinyo mwekundu wa Bordeaux, 46. Ndiyo maana nasema tarakimu zinataja mvinyo. Mstari ambao jina lake limeliwa na mchwa, lakini galoni zake ni 92, hauwezi kuwa pipe nzima ya Port.

Mkataba wa Methuen wa 1703, kati ya Uingereza na Ureno, nao uuweke akilini: mvinyo wa Ureno ulilipa ushuru pungufu kwa theluthi moja kuliko wa Ufaransa. Ndiyo sababu madaftari ya karne ya 18 yamejaa "R. Port", Port nyekundu, na claret unaikuta zaidi kwenye kurasa za wateja wenye mali.

Mhasibu Mstaafu

Vijana, hamjambo. Nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu maisha yangu yote, hapa Nairobi, na uzi huu umenivuta.

Mnakili, nina swali la kukupinga kidogo. Unasema pipe ya Port ni galoni 115. Nimeangalia nakala moja ya 1790 hivi ambayo ndugu yangu aliyeko Uingereza alinitumia, na pipe ya Port mle ni galoni 138. Tofauti ni galoni 23. Hiyo si tofauti ya karani kukosea. Ama ni pipa jingine, ama kuna mtu anaiba.

Mnakili

Shikamoo mzee wangu. Hakuna aliyeiba, na umegusa mahali penyewe.

Kabla ya 1826 mvinyo Uingereza ulipimwa kwa galoni ya mvinyo, ile ya enzi za Malkia Anne, yenye inchi za ujazo 231. Wamarekani wanaitumia mpaka leo. Sheria ya vipimo ya 1824, iliyoanza kazi Januari 1826, ikaleta galoni ya kifalme, kubwa zaidi, inchi za ujazo kama 277 na kitu. Sasa piga: 138 mara 231 ni 31,878. Gawanya kwa 277. Unapata 115. Pipa ni lilelile, karibu lita 523. Kilichobadilika ni galoni.

Hii inasaidia pia kutambua umri wa ukurasa. Port kwa 138, Madeira kwa 110, Sherry kwa 130: uko kabla ya 1826. Kwa 115, 92 na 108: uko baada yake. Kwenye madaftari ya miaka ya mpito makarani wengine waliandika zote mbili, moja juu ya nyingine, na msomaji anadhani ni mapipa mawili.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba. Nimepiga mwenyewe na imekubali. Hapo nakuunga mkono.

Niwasaidie vijana jambo moja basi, kwa sababu naona wengi watakwama kwenye safu tatu za fedha. Pauni moja ni shilingi 20, shilingi moja ni peni 12. Sisi wa Kenya wa umri wangu tulisoma bajeti za serikali kwa pauni ya shilingi 20 miaka mingi baada ya uhuru, kwa hiyo hesabu hii si ngeni. Msijumlishe safu hizo kama desimali. Badilisheni kila kitu kiwe shilingi kwanza, fanyeni kazi, kisha mrudishe.

Kijana wa Kisumu

Mzee shikamoo, kaka Mnakili salama. Mimi nina tatizo la herufi. Pembeni ya kila kishubaka cha chupa pameandikwa herufi mbili, kama "U.L." au "M.E.", hazina maana yoyote. Nilidhani ni majina ya wateja lakini zinajirudia kwa wateja tofauti.

Mnakili

Kijana, hapo umefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Hizo ni bei ya kununulia, zimefichwa. Mwenye duka hakutaka mteja anayeshuka naye ghalani aone faida yake. Anachagua neno la herufi kumi zisizojirudia, kila herufi inashika tarakimu. Tuchukue CUMBERLAND kama mfano: C ni 1, U ni 2, M ni 3, B ni 4, E ni 5, R ni 6, L ni 7, A ni 8, N ni 9, D ni 0. Kwa ufunguo huo "U.L." ni 27 na "M.E." ni 35, yaani shilingi kwa dazeni. Wengine waliongeza herufi ya kumi na moja ya kurudia, ili 33 isionekane kama herufi mbili zinazofanana.

Usijaribu kubahatisha neno. Fuata hesabu. Nitatunga mstari kwa mtindo wao ili uone:

"1 pp R. Port, botd 55 doz 4, lees 2 gall, bin 14, U.L."

Yaani pipe moja ya Port nyekundu imetiwa kwenye chupa, zimetoka dazeni 55 na chupa 4, mashapo galoni 2, zimelazwa kishubaka namba 14. Chupa ya biashara ilihesabiwa kuwa sehemu ya sita ya galoni, kwa hiyo dazeni moja ni galoni 2. Chupa 664 gawanya kwa 6 ni galoni 110 na theluthi mbili. Ongeza mashapo 2. Zimebaki galoni mbili na kidogo kufikia 115, ambazo ni kuvuja, kuonja na kumwagika. Hesabu inafunga, kwa hiyo umesoma sawasawa.

Sasa herufi. Nenda ukurasa wa manunuzi, tafuta pipe ile iligharimu kiasi gani pamoja na ushuru. Ukikuta £74 na shilingi 14, ni shilingi 1,494. Gawanya kwa dazeni 55 na theluthi: 27 kamili. U ni 2, L ni 7. Umepata herufi mbili. Fanya hivyo kwa vishubaka vinne au vitano, neno lenyewe litaanza kujionyesha.

Mambo mawili ya kukusaidia. Bei ya kununulia lazima iwe chini ya bei ya kuuzia, ambayo imeandikwa wazi kwenye ankara za wateja. Na safu ya peni haivuki 11, kwa hiyo ukiona herufi mbili kwenye peni, ya kwanza ni 1 tu. Hapo umepata herufi bure.

Nahodha wa Lamu

Salaam aleikum wote. Mimi sinywi mvinyo, lakini historia ya meli ndiyo chakula changu. Kwenye orodha moja ya mnada nimeona "E.I. Madeira" ikiuzwa ghali kuliko "London Particular". Kisiwa ni kilekile. E.I. ni nini?

Mnakili

Aleikum salaam nahodha. E.I. ni India ya Mashariki. Meli zilizokuwa zikienda India zilipitia kisiwa cha Madeira, zikapakia mapipa, zikaenda nayo mpaka India, na mengine yakarudi London bila kufunguliwa. Joto na mtikisiko wa safari viliufanya mvinyo uwe laini na wenye harufu nzuri, na watu wakaanza kuulipia uliosafiri kuliko uliokaa. Wareno waliuita mvinyo wa mzunguko. Kwenda na kurudi, pipa lile limevuka ikweta mara nne.

"London Particular" ni daraja la ubora, lililochaguliwa kwa soko la London. Chini yake kulikuwa na "London Market", na chini zaidi "Cargo". Kwa hiyo moja inataja daraja, nyingine inataja safari. Mara nyingine utakuta zote mbili kwenye mstari mmoja.

Nahodha wa Lamu

Basi hiyo imepita kwetu. Meli za Kampuni ya India ya Mashariki zilikuwa zikitia nanga Nzwani, wao wakipaita Johanna, kuchukua maji, ng'ombe na matunda kabla ya kuendelea. Ukikuta "Johanna" kwenye daftari la safari, usitafute mwanamke, ni kisiwa cha Komoro.

Mnakili

Ahsante sana nahodha, hilo naliongeza kwenye orodha yangu.

Na kwa kuwa tumefika pande hizi, tazameni pia "Cape". Ni Rasi ya Afrika Kusini, iliyokuwa koloni la Uingereza, na mvinyo wake ukapewa ushuru nafuu. Mwaka 1831 mvinyo wa nchi za kigeni wote uliwekwa shilingi 5 na peni 6 kwa galoni, na wa Cape shilingi 2 na peni 9, nusu kamili. Wafanyabiashara wakaleta "Cape Madeira" na "Cape Sherry", na karani mvivu, au mjanja, akaandika "C. Madeira" tu. Hapo tazama ushuru. Galoni 92 kwa kima cha kigeni ni £25 na shilingi 6. Kwa kima cha Cape ni £12 na shilingi 13. Ukiona hiyo ya pili, mvinyo ule haukuwahi kuona kisiwa cha Madeira, liandikwe jina lolote.

Bint Pangani

Kaka, nimeanza kuelewa. Sasa hii: "Laf. 95 herm." Laf. nimeshaipata, ni Lafite, shamba la Bordeaux, na 95 ni 1795. Hiyo "herm." inanishinda. Imefungwa vizuri isiingie hewa?

Mnakili

Hapana dada, ingawa wazo lako lina mantiki. Ni Hermitage, mvinyo mzito mweusi wa kilima cha Tain kwenye mto Rhône. Claret ya Bordeaux kwa miaka ya mavuno hafifu ilikuwa nyepesi, na Waingereza walitaka nguvu na rangi. Wafanyabiashara wa Bordeaux wakawa wanatia Hermitage ndani yake, na kwa mvinyo wa bei ya chini wanatia ya Hispania, ya Benicarló au Alicante. Nathaniel Johnston wa Bordeaux aliandika bila kificho kwamba Lafite ya 1795 iliyotiwa Hermitage ndiyo iliyopendwa kuliko mvinyo mwingine wowote wa mwaka ule.

Mhasibu Mstaafu

Huo ni udanganyifu. Mtu ananunua Lafite, anapewa mchanganyiko.

Mnakili

Mzee wangu, kwa sheria za leo ungekuwa udanganyifu, na mtu angefungwa. Lakini karani ameandika "herm." waziwazi kwenye daftari, na kwa wanunuzi wengi lilikuwa jambo la kuongeza bei. Naona tofauti kubwa kati ya kinachoandikwa na kinachofichwa. Kwenye madaftari yale yale, mvinyo ulioharibika unaandikwa kwa neno moja dogo ambalo mteja hawezi kulielewa: "pricked" ni uliogeuka siki, "on the fret" ni ulioanza kuchacha upya pipani, "ropy" ni unaovutika kama mlenda. Ukiona neno kama hilo, kisha miezi miwili mbele galoni zilezile zimeingia kwenye pipa jingine lenye jina zuri, hapo mzee nakubaliana nawe.

Mhasibu Mstaafu

Sijashawishika kuhusu Lafite, lakini nimekusikia.

Mlimwengu

Samahani wakuu, nimesoma uzi wote. Kazi hii yote ina faida gani leo, zaidi ya udadisi?

Mnakili

Ina faida kubwa, ndugu Mlimwengu. Mwaka 1985 nyumba ya mnada ya Christie's ya London iliuza chupa moja ya Lafitte ya 1787 yenye herufi "Th.J." kwa £105,000, ikisemekana ilikuwa ya Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani. Jefferson alikuwa mtu wa kuandika kila senti. Watafiti wa Monticello, nyumbani kwake, walipitia hesabu zake za mvinyo, barua na risiti, na hawakuona ushahidi kwamba chupa zile zilikuwa zake. Baadaye tajiri Bill Koch, aliyekuwa amenunua chupa nne za kundi hilo, akaajiri wataalamu, nao wakasema herufi zile zilichongwa kwa kifaa cha kisasa cha umeme. Daftari lilikuwa limeshatia shaka miaka ishirini kabla ya maabara.

Kijana wa Kisumu

Kaka Mnakili, nimejaribu njia yako. Herufi nne zimepatikana! Ila pipe moja inanigomea. Kuna "ullage 3" upande mmoja, na kwenye karatasi ya forodha ya pipa hilohilo "ullage 112". Yupi muongo?

Mnakili

Hongera sana kijana, hizo nne ndizo ngumu.

Hakuna muongo. Muuza mvinyo akisema "ullage" anataja nafasi tupu, kilichopungua pipani. Afisa wa forodha anaweza kutumia neno hilohilo kwa kilichobaki, kwa sababu yeye anatoza kilichobaki. Tatu na 112 ni 115. Afisa alitumbukiza kijiti kupitia tundu la kizibo, akasoma inchi zilizolowa na inchi kavu, kisha akatafuta galoni kwenye majedwali. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana pipa limevimba katikati. Mwanafalaki Johannes Kepler alimwona muuzaji akipima mapipa ya harusi yake huko Linz kwa kijiti kimoja cha kukingama, hakuridhika, akaandika kitabu kizima cha hesabu za mapipa ya mvinyo, kilichotoka 1615.

Wewe jumlisha tu "ullage" zote mbili. Zikitoa ukubwa wa pipa, umemaliza.

Bint Pangani

Swali la mwisho kwa leo. Ukurasa wangu wa zamani kabisa unasema pipe ilitiwa kwenye chupa Novemba 1731, na wateja wakaletewa Februari 1731. Wameletewa kabla haijatiwa? Na mstari wa bin 9 umemwagikiwa wino, galoni zake naziona kama 110.

Mnakili

Dada, mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Februari 1731 yao inakuja baada ya Novemba 1731, na kwa hesabu yetu ni Februari 1732. Makarani waangalifu waliandika 1731/2, wako hakufanya hivyo. Pitia tarehe zako zote za Januari, Februari na Machi kabla ya siku ile, uandike mwaka wetu kwa penseli pembeni, halafu ndipo uanze kulinganisha na ukurasa wa manunuzi. Ukimaliza weka picha ya bin 9 humu, ile yenye wino uliomwagika. Kama galoni zake ni 110 kweli, hiyo si Port.